Cicely Saunders: Daktari Aliyekesha Pamoja na Wagonjwa wa Saratani

Kila mwaka, tarehe 14 Julai, Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Kamili wa Lellis, padre, msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Tarehe hiyo hiyo, mwaka 2005, alifariki dunia jijini London mwanamke mwenye umri wa miaka 87, ambaye kwa karibu miaka sitini aliwatumikia watu waliokuwa wanakufa kwa saratani. Jina lake ni Cicely Saunders. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa muumini wa Kanisa la Anglikana. Hata hivyo, utafiti wake uliobadili namna ya kuwatunza wagonjwa hao duniani kote aliufanya katika nyumba ya watawa wetu, na matunda yake yamefika hadi Afrika ya Mashariki.

Wapendwa waamini, tunasimulia maisha yake kwa sababu maalumu. Sisi mapadre tunapozungukia wagonjwa majumbani tunakutana mara nyingi na hali moja ya kusikitisha. Mgonjwa wa saratani amelala chumba cha ndani, anaugulia usiku na mchana. Dawa ya mofini aliyoandikiwa na daktari ipo kabatini, lakini hapewi. Huyu ndugu anaogopa kwamba dawa hiyo itamuua. Yule anaogopa kwamba itamfanya mraibu. Na wa tatu, kwa nia njema kabisa, anasema kwamba Mkristo sharti abebe msalaba wake. Je, wanasema kweli? Maisha ya Cicely Saunders yanatupa jibu, na jibu hilo halipingani na mafundisho ya Kanisa.

Alizaliwa tarehe 22 Juni 1918 huko Barnet, kaskazini mwa London. Baba yake alikuwa mfanyabiashara ya majumba, na nyumbani hapakukosekana kitu isipokuwa amani. Wazazi hawakupatana, nao hatimaye walitengana mwaka 1945. Binti mwenyewe alikuwa mrefu kupita wenzake, mwenye haya, na katika shule ya bweni alionja upweke. Baadaye alisema kwamba kukaa kwake pembeni kulimfundisha kuwahurumia wale wasio na mahali pao. Alikuwa pia na kasoro ya uti wa mgongo iliyompa maumivu kwa miaka mingi.

Mwaka 1938 alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford kusoma siasa, falsafa na uchumi. Vita Kuu ya Pili ilipozuka aliona kwamba hawezi kubaki na vitabu wakati wengine wanaumia, na mwaka 1940 akaanza mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London. Aliipenda kazi hiyo kwa moyo wote, lakini mgongo haukumruhusu kuendelea. Alirudi Oxford, akamaliza masomo, kisha akajifunza kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, yaani kuwasaidia wagonjwa na familia zao katika mahitaji ambayo dawa haiyagusi. Katika kipindi hicho, mwaka 1945, yeye ambaye alikuwa hana imani iliyo imara alimgeukia Kristo akiwa mapumzikoni na marafiki Wakristo. Tangu siku hiyo alimwomba Mungu amwonyeshe namna ya kumshukuru. Jibu lilichukua miaka mitatu.

Lilikuja kwa njia ya mgonjwa. Mwaka 1947 alikutana wodini na David Tasma, Myahudi kutoka Warsaw, Poland, mhudumu wa mgahawa mwenye umri wa miaka arobaini hivi. Alikuwa na saratani isiyoweza kupasuliwa, hakuwa na ndugu Uingereza, naye aliona kwamba ameishi bure na hataacha alama yoyote duniani. Cicely alimtembelea mara kwa mara, na kati yao ukazaliwa upendo wa kweli. Walizungumza juu ya nyumba ambayo ingefaa watu kama yeye: mahali ambapo mtu angepunguziwa maumivu na pia angepata nafasi ya kuwa mtu. Siku moja Tasma alimwomba neno la kumfariji, naye akamsomea kwa kichwa Zaburi ya 23, ile ya Bwana Mchungaji. Alipotaka kufungua kitabu ili aendelee, mgonjwa alikataa. Alitaka tu yale yaliyomo katika akili na moyo wa msomaji. Tasma alifariki Februari 1948. Alimwachia Cicely paundi 500 na ombi kwamba fedha hizo ziwe dirisha katika nyumba atakayoijenga.

Maneno hayo mawili ya mtu anayekufa, kwamba anahitaji akili na kwamba anahitaji moyo, yakawa ramani ya maisha yake. Akili ilimaanisha utafiti, elimu na dawa sahihi. Moyo ulimaanisha kukaa karibu. Palipo na moyo bila akili, mgonjwa hulia mikononi mwa watu wanaompenda. Palipo na akili bila moyo, hutibiwa kama chombo kibovu.

Baada ya kifo hicho alianza kujitolea jioni katika hospitali ya Mtakatifu Luka, nyumba ya maskini waliokuwa wanakufa. Humo aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwenye hospitali kubwa: wauguzi waliwapa wagonjwa dawa ya maumivu kwa mdomo, kila baada ya saa nne, bila kusubiri mgonjwa alie. Wagonjwa walikuwa macho, wakizungumza. Alitaka kurudi katika uuguzi ili aendeleze kazi hiyo, lakini daktari mpasuaji aliyefanya naye kazi, Norman Barrett, alimshauri asomee udaktari, kwa kuwa madaktari ndio waliokuwa wakiwaacha wanaokufa, na hawangemsikiliza mtu asiye mmoja wao. Hivyo, akiwa na umri wa miaka 33, aliketi darasani pamoja na vijana, na mwaka 1957 akahitimu akikaribia miaka 39.

Mwaka 1958 alipata ufadhili wa kutafiti maumivu ya wagonjwa wa saratani iliyofika mwisho, na mahali pa kazi hiyo palikuwa hospisi ya Mtakatifu Yosefu, Hackney, mashariki mwa London. Nyumba hiyo iliendeshwa na Masista wa Upendo kutoka Ireland tangu mwaka 1905. Aliwakuta watawa wenye upendo mwingi na vifaa vichache. Wagonjwa walitunzwa kwa heshima, walisaliwa, walioshwa. Lakini kumbukumbu za tiba zilikuwa haba, na dawa ya maumivu ilitolewa pale tu mgonjwa alipozidiwa, kama ilivyokuwa desturi karibu kila mahali wakati ule.

Tuitazame desturi hiyo, maana bado ipo hata leo. Mgonjwa hupewa dawa, hupata nafuu, kisha dawa huisha nguvu. Maumivu hurudi, naye huomba. Huambiwa angoje kidogo, kwa kuwa anaonekana ameizoea mno. Basi hukaa akiitazama saa ya ukutani, na hofu ya maumivu yajayo huyaongeza maumivu yaliyopo. Dawa inapofika, inabidi iwe nyingi zaidi ili kuyashinda maumivu yaliyokwisha kuota mizizi. Mtu huyo huonekana kama mraibu, kumbe ametengenezwa hivyo na utaratibu wenyewe.

Cicely Saunders aliugeuza utaratibu huo. Mofini ilitolewa kwa mdomo, kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi, na kipimo kilipangwa kulingana na mgonjwa mmoja mmoja hadi kilipomtosha. Madhara madogo, kama vile kufunga choo na kichefuchefu, yalitibiwa mapema. Muhimu zaidi, aliandika. Kwa kila mgonjwa alihifadhi kumbukumbu za maumivu yake, dawa, kipimo, usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo. Wengine aliwarekodi kwa kinasa sauti ili wasikike wakieleza wenyewe mambo yao. Kufikia mwaka 1965 alikuwa amekusanya kumbukumbu za wagonjwa wapatao 1,100.

Matokeo yalivunja hofu za muda mrefu. Wagonjwa waliopewa mofini kwa utaratibu huo hawakugeuka kuwa waraibu. Kipimo hakikupanda bila mwisho. Kwa wengi kilitulia, na kilipopanda mara nyingi ni kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekua. Hawakulala kama wafu siku nzima, bali waliweza kula, kusoma, kupokea wageni, kusali na kuzungumza na watoto wao. Katika mambo ya tiba, kipimo cha mafanikio kilikuwa kimezoeleka kuwa kimoja tu: je, uvimbe umepungua, na mgonjwa ameongezewa siku ngapi? Yeye aliongeza swali la pili: siku hizo zinaishiwaje?

Katika mazungumzo hayo alijifunza jambo jingine. Alimwuliza mama mmoja juu ya maumivu yake. Mama akajibu kwamba yalianza mgongoni, lakini sasa yeye mzima anaonekana kuharibika. Kisha akaeleza shida ya mume na mwana, uhaba wa fedha, na haja yake ya kujisikia salama tena. Hapo daktari aliona kwamba maumivu ya mgonjwa wa saratani yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Mgonjwa anayelilia karo ya mwanawe hatapona kilio hicho kwa mofini, wala anayehitaji kupatanishwa na Mungu au na ndugu yake hatatulizwa kwa kidonge. Vivyo hivyo, tusimhubirie subira mtu ambaye haja yake ya kwanza ni dawa.

Yeye mwenyewe hakukingwa na huzuni. Mwaka 1960, hapo hapo kwa Mtakatifu Yosefu, alimpenda mgonjwa mwingine, Antoni Michniewicz, Mpolandi na Mkatoliki mcha Mungu, aliyefariki baada ya majuma machache tu ya wao kufahamiana kwa undani. Mwaka uliofuata alimpoteza baba yake. Aliomboleza kwa muda mrefu na kwa uchungu. Hata hivyo, ndani ya huzuni hiyo wazo la nyumba yake lilikomaa. Kutoka katika bustani ya Gethsemane alichukua ombi la Yesu kwa mitume wake watatu. Bwana hakuwataka waondoe kikombe chake, wala hakuwataka waeleze kwa nini anateseka. Aliwataka wakeshe pamoja naye. Cicely alifundisha kwamba hata pale tunapokuwa hatuna la kutenda, bado tunaweza kuwapo.

Mwaka 1967, katika eneo la Sydenham, kusini mwa London, ilifunguliwa hospisi ya Mtakatifu Kristofa, iliyopewa jina la msimamizi wa wasafiri. Kuijenga kuligharimu miaka ya kuomba misaada, kuandika barua na kusali. Mlangoni liliwekwa dirisha la David Tasma. Ilikuwa nyumba yenye msingi wa Kikristo, yenye kikanisa ndani yake, lakini mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, mwenye imani na asiye nayo, na hakuna aliyelazimishwa. Kulikuwa na bustani, muziki, na picha za mchoraji Mpolandi Marian Bohusz-Szyszko, ambaye Cicely alifunga naye ndoa mwaka 1980, bibi harusi akiwa na umri wa miaka 61. Tangu mwaka 1969 wauguzi wa hospisi walianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwao.

Utafiti haukukoma. Katika miaka ya 1970 daktari Robert Twycross aliwafuatilia mamia ya wagonjwa hapo ili kulinganisha mofini na heroini, dawa ambayo madaktari wengi Waingereza waliiamini kuwa bora zaidi. Iligundulika kwamba, ikitolewa kwa mdomo na kwa utaratibu mzuri, mofini ilitosha. Hapakuwa na tofauti ya maana kwa mgonjwa. Jambo hilo lilikuwa na uzito kwa nchi maskini, maana mofini ya maji ni rahisi kutengeneza na bei yake ni ndogo. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani, ukisisitiza dawa itolewe kwa mdomo, kwa saa, na kwa ngazi kulingana na ukali wa maumivu. Mwaka uliofuata Uingereza ilitambua tiba shufaa kuwa fani kamili ya udaktari.

Mbegu hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1990 ilifunguliwa hospisi ya Nairobi, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa katika Shirika la Wamisionari Waganga wa Maria, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala akiwa na fedha za kutosha miezi michache tu. Huko unga wa mofini ulichanganywa na maji na kutiwa katika chupa za kawaida, ukapelekwa hadi vijijini. Uganda iliwaruhusu kisheria wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari hawatoshi. Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa huduma ya tiba shufaa, na baadhi ya hospitali za Kanisa zinafanya vivyo hivyo.

Sasa tulirudie swali letu. Mwaka 1957, mwaka ule ule Cicely Saunders alipohitimu udaktari, Baba Mtakatifu Pio wa XII aliulizwa na madaktari kama ni halali kumtuliza mgonjwa kwa dawa kali. Alijibu kwamba ni halali. Hata kama dawa hiyo ingeweza kupunguza fahamu au kufupisha maisha, inaruhusiwa endapo hakuna njia nyingine, endapo kinachokusudiwa ni kuondoa maumivu na si kuua, na endapo mgonjwa hazuiliwi kutimiza wajibu wake wa dini na maadili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2279, inafundisha vivyo hivyo, na inaitaja tiba shufaa kuwa sura bora ya upendo usio na ubinafsi. Barua ya Vatican juu ya utunzaji wa wagonjwa walio katika hatua za mwisho, Samaritanus bonus, inayahimiza hayo hayo. Nayo ina tarehe 14 Julai, mwaka 2020.

Vipi basi kuhusu msalaba? Ni kweli kwamba mateso yaliyounganishwa na mateso ya Kristo yana thamani ya wokovu. Mtakatifu Yohane Paulo II alilieleza fumbo hilo kwa kina mwaka 1984. Lakini waraka huo huo unamalizia na Msamaria Mwema, aliyefunga majeraha kwa mafuta na divai, wala hakumwachia yule majeruhi fursa ya kuteseka zaidi. Mgonjwa mwenyewe, kwa hiari yake, anaweza kukataa dawa ili aungane na Bwana. Ni tendo la kishujaa, na Kanisa halimdai mtu yeyote. Ila hakuna mtu, awe mume, mwana au padre, mwenye haki ya kumchagulia mwingine mateso hayo. Msalaba ni wa kubebwa na anayeupokea. Haubandikwi mgongoni mwa mtu asiyeweza kuinuka kitandani.

Kwa upande mwingine, Cicely Saunders alisimama imara dhidi ya wale waliotaka sheria iruhusu kuwaua wagonjwa kwa kisingizio cha huruma. Alijua kutokana na maelfu aliowauguza kwamba mara nyingi anayeomba kufa anaomba kitu kingine: atulizwe maumivu, aondolewe hofu ya kuwa mzigo, asiachwe peke yake. Anayemnyima mgonjwa dawa na anayemchoma sindano ya kifo wamekosea jambo moja. Wote wawili wamesahau kwamba mtu huyu anaishi hadi pumzi yake ya mwisho.

Alipewa heshima nyingi na taifa lake na na vyuo vikuu, na mwaka 1981 alitunukiwa Tuzo ya Templeton. Mume wake alifariki mwaka 1995, akiwa ametunzwa katika hospisi ya Mtakatifu Kristofa. Kisha zamu yake ikafika. Alipata saratani ya matiti, akalazwa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, akatunzwa na wauguzi aliowafundisha njia hiyo, akatulizwa kwa utaratibu alioufanyia utafiti kando ya vitanda vya maskini wa Hackney. Huko ndiko alikofia.

Wapendwa, kutokana na maisha hayo tunayo ya kutenda. Mgonjwa wetu akiandikiwa mofini na daktari, tumpe kwa saa, bila hofu na bila kumlaumu. Tusimfiche ukweli anaotaka kuujua, wala tusimwambie kuliko anavyoomba. Tumwite padre mapema, si dakika ya mwisho. Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa si hukumu ya kifo, na Komunyo ya mwisho, ile pamba ya njiani, hupokelewa vema na mtu ambaye maumivu hayajamfunga kinywa. Na Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zisiishie kwenda kusali Rozari jioni moja na kuondoka. Mama anayemuuguza mumewe hajalala siku tatu; mmoja wetu akae naye hadi asubuhi, ili yeye apate usingizi.

Tumwombe Mtakatifu Kamili wa Lellis atuombee, ili katika parokia zetu asiwepo mgonjwa anayekesha peke yake.

Tumsifu Yesu Kristo.